Muvi haina stori au mimi ndo sijaelewa?

SWALI: Kaka mambo vipi, mshkaji wangu kanisifia sana Killer of Sheep, eti ndo muvi yenyewe ya maisha ya watu weusi mtaani Marekani. Nimekaa nasubiri hata risasi moja, wapi! Jamaa anatoka machinjioni, anarudi nyumbani kanuna, basi. Halafu naona ni ya 1977 ila imeingia majumba ya sinema 2007, ilikuwa imefichwa wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole mzee, uliingia na kichwa cha muvi za magenge. Charles Burnett, mwongozaji wake, kakulia hapohapo Watts, Los Angeles, mtaa ulioungua kwenye ghasia za Agosti 1965 wakafa watu 34, kwahiyo angetaka risasi asingekosa. Yeye kafuata uchovu. Rudia pale Stan, yule jamaa wa machinjioni, na mwenzie wanaponunua injini ya mtumba, wanaishusha ngazi wanahema, wanaitupia nyuma ya pikap palepale ukingoni, wanaona inatosha. Gari linaondoka, puu! Injini chini, imekwisha, nao wanaiacha barabarani wanasepa. Hela ya jasho hiyo ndugu yangu, we stori gani tena unataka?

Na kile kikombe je? Stan anagusisha kikombe cha chai ya moto shavuni, anasema joto lile linamkumbusha mwanamke, wakati mkewe yupo humohumo ndani anamsubiria.

Kuhusu kuchelewa, hakuna aliyeificha, ni nyimbo tu. Burnett alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA hukohuko Los Angeles, hii ndo kazi yake ya kumalizia masomo, kaipiga wikiendi kwa bajeti isiyofika dola 10,000, wengi wa waigizaji hawajawahi kuigiza popote, na miziki ya kina Dinah Washington na Paul Robeson kaiweka bila kulipia haki maana hakudhani itafika sinema. Bili ya haki ilikuja kufika dola 150,000! Yaani 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani inaiingiza kwenye orodha ya filamu za kutunzwa kama hazina ya taifa, na raia wa kawaida hana pa kukatia tiketi.

Ungeuliza si wangebadilisha nyimbo yaishe. Haya, nenda pale Stan anapocheza taratibu na mkewe, tumbo wazi, wimbo wa Dinah unalia, mama wa watu anamng'ang'ania na jamaa anajitoa mikononi mwake anaondoka zake. Zima sauti uangalie, halafu washa uangalie tena.