Hesabu siku zako kabla ya kukimbilia altrasaundi

Binti wa miaka 17 anapigwa picha ya tumbo, anarudi nyumbani na karatasi inayosema ovari zake zina vifuko vingi. Kabla jua halijazama karatasi imeshakuwa hukumu: ana uvimbe, hatazaa. Kigoma habari ya namna hiyo haichelewi kutoka Mwanga hadi Ujiji, na kinachofuata ni chupa ya dawa ya kusafisha kizazi. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa, na karatasi ile peke yake haithibitishi PCOS, hali ya homoni inayovuruga hedhi na kupevuka kwa mayai.

Vifuko vyenyewe si uvimbe wa kupasuliwa. Kila kimoja, cha milimita 2 hadi 9, kimebeba yai changa lililoanza kukua likaishia njiani. Msichana aliyevunja ungo karibuni huwa navyo vingi kwa kawaida, ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2023 unasema altrasaundi isitumike kumpima PCOS mtu ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo. Kwake yeye zinatakiwa dalili mbili kwa pamoja: hedhi iliyovurugika na homoni za kiume kuzidi. Mtu mzima huhitaji mbili kati ya tatu, ya tatu ikiwa ovari zenye vifuko vingi.

Kwa hiyo anza na kalenda. Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka kweli, matone ya kuchafua nguo hayahesabiwi. Wengi hukosea hapa, wanaanza kuhesabu damu inapokatika. Chukua mfano: damu imeanza Machi 3, ikakatika Machi 7, nyingine ikaja Aprili 20. Ukihesabu vizuri mzunguko ni siku 48. Ukianzia Machi 7 unapata 44. Kwa binti aliyevunja ungo miaka miwili iliyopita tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mpaka wake ni siku 45: hesabu mbovu imemwonyesha hana tatizo.

Mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo, hedhi kuyumba ni kawaida. Mwaka huo ukiisha, hadi wa tatu, mzunguko uwe kati ya siku 21 na 45. Baada ya hapo ni 21 hadi 35, na hedhi zisipungue 8 kwa mwaka. Ukishapita mwaka wa kwanza, mzunguko mmoja tu uliozidi siku 90 unatosha kukupeleka hospitali. Na aliyefika miaka 15 bila kuona damu kabisa naye aende.

Kisha jiangalie kwenye kioo. Ndevu kidevuni, nywele kifuani au chini ya kitovu, chunusi kali zisizosikia dawa. Angalia na shingo. Weusi mnene, laini kama mahameli, nyuma ya shingo au kwapani, husuguliwa kwa dodoki na sabuni mpaka ngozi inachubuka, na mama anagomba kwamba mtoto haogi. Mara nyingi hiyo ni insulini iliyozidi mwilini, na insulini hiyo hiyo ndiyo inayozisukuma ovari zitoe homoni nyingi za kiume. Krimu ya kujichubua haifiki huko. Wembamba pia haukuokoi, wapo wembamba wenye PCOS.

Ukienda kituoni beba kalenda ya miezi sita. Kipimo cha mimba kinatangulia, usione umetukanwa. Vinafuata vya tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), testosteroni (homoni ya kiume) na sukari. Kama umekuwa ukimeza vidonge vya uzazi wa mpango sema mapema, kwani vinabadilisha majibu ya testosteroni. Zahanati ikishindwa, omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Maweni.

Hedhi ikipotea zaidi ya siku 90 ukuta wa mji wa mimba unaendelea kunenepa, na ukiachwa hivyo miaka mingi unaweza kuzaa saratani. Ndiyo maana daktari hutoa vidonge vya kuileta damu au vya kuipanga. Mwambie kama una presha, historia ya damu kuganda, au kichwa kinachouma huku macho yakiona vimulimuli. Ukiandikiwa metformini, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa PCOS, meza pamoja na chakula na uanze na miligramu 500. Wanaoanza na dozi kubwa huharisha, wanaitupa wiki ya kwanza.

Chakula maalumu cha PCOS hakipo, anayekiuza anakuibia. Ugali wa muhogo kula, ila tonge zipungue, migebuka na mboga ziongezeke, mawese yapimwe kwa kijiko. Soda moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, hiyo ndiyo ya kuanza kuacha. Mwenye kilo 80 akipunguza 4 tu, hedhi inaweza kuanza kurudi.

Kuhusu kuzaa: yai huchelewa, halikomi. Anayetaka mtoto zipo dawa za kulipevusha, letrozoli ikitangulia. Asiyetaka atumie kinga hata kama hajaona siku zake miezi minne, maana yai hutoka kabla ya damu na halipigi hodi.