Safari ya mtumbwi kwenye njia ya ngozi: jiandae kubeba, si kupiga kafi

Wanaotaka kutoka Rainy Lake hadi Lake Superior kwa mtumbwi huniuliza sana habari za kupiga kafi. Kafi utaizoea ndani ya siku chache tu. Kinachowatoa watu jasho ni nchi kavu.

Njia yenyewe inafuata mpaka wa Kanada na Marekani, ziwa baada ya ziwa. Palipo na maporomoko unashuka, unajitwika mtumbwi na mizigo, unatembea mpaka maji yanayofuata. Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, walizipita njia hizo tangu zamani. Karne ya 18 wapiga kafi wa North West Company, kampuni ya biashara ya ngozi, wakapitisha humo ngozi za biva (mnyama wa majini mwenye manyoya mazito), zilizokwenda kutengenezewa kofia Ulaya. Furushi moja lilikuwa ratili 90, karibu kilo 41, na mtu alibeba mawili kwa mpigo, mkanda ukikaza kwenye paji la uso kama akina mama wa Kikuyu wanavyobeba kuni. Ugonjwa wa ngiri (henia) uliwatesa sana. Usiwaige.

Piga hesabu kabla ya kufunga begi. Ukibeba kwa awamu mbili, njia ya kilomita 1 unaitembea kilomita 3. Grand Portage, ile ya mwisho kabisa, ina kilomita 13.7, zidisha mwenyewe. Jinzi, kiti cha kukunja na sufuria ya pili vibaki nyumbani. Jambo moja la wale wapiga kafi wa zamani linafaa kuigwa: mzigo wa kwanza waliutua njiani baada ya mwendo mfupi, wakarudi kuchukua wa pili. Kule kurudi mikono mitupu ndiko kupumzika kwenyewe.

Chakula chao, hasa waliotoka Montreal, kilikuwa mahindi yaliyochemshwa na mafuta. Sisi tulibeba sembe na dagaa, na sijaona chakula cha makopo kinachoshindana navyo kwa wepesi na kushibisha. Ila kwenye jiko dogo la gesi sufuria huzunguka ukianza kusonga, basi mwenzako aikamate kwa koleo. Na usisonge mgumu sana, gesi itaisha.

Upepo nao una ratiba yake. Tulikuwa majini saa kumi na moja alfajiri, maana ziwa refu kama Gunflint likichafuka mchana, hakuna ubishi, unakaa ufukweni unaosha soksi. Upepo wa kule hupiga zaidi kutoka magharibi, ndiyo maana nashauri uelekee mashariki. Lakini wimbi la nyuma lisikudanganye: mzito akae tezi, yaani nyuma, na msikate ziwa katikati.

Mei na Juni waachie usubi. Agosti ni afadhali, ila kibali cha Boundary Waters, hifadhi ya maziwa iliyo upande wa Marekani, kikate mapema, kwa sababu kila lango lina idadi yake ya makundi kwa siku na yale mazuri hujaa haraka.