Mume wangu hajapona: je, ni kwa sababu nalia badala ya kuamini?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mume wangu alipata kiharusi, huu ni mwaka wa tatu. Upande wa kulia hauna nguvu na kusema anasema kwa shida. Tunaishi kwa vitumbua ninavyouza alfajiri, na watoto ni watatu. Kila anayekuja kututazama ananisomea Yeremia 29:11. Sasa mhubiri mmoja ameniambia nipande mbegu ya shilingi laki tatu, na ndani ya siku 40 mume wangu atasimama. Anasema hajapona mpaka leo kwa sababu mimi nalia badala ya kuamini. Kwenye kikoba nina laki mbili. Nifanye nini? Na je, kulia kwangu ni kukosa imani?

Jibu: Amina, mama. Nianze na la fedha, lisije likakupita: usitoe. Hiyo laki mbili ni ya dawa za presha za baba, mchele wa vitumbua na madaftari ya watoto. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama ya Mungu, Petro alimwambia fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Sadaka tunatoa kwa shukrani. Anayekutajia bei ya uponyaji amefungua duka.

Sasa Yeremia 29:11. Aya hii utaikuta kwenye kalenda, kwenye sare za kwaya, hata kwenye kioo cha nyuma cha daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mimi mwenyewe niliwahi kuihubiri msibani, nikiwa bado mgeni katika huduma, kwa sauti kubwa kabisa. Tulipokaa kula, mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Mchungaji, hao walioandikiwa barua hiyo, walirudi kwao?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nikarudi nyumbani nikasoma sura nzima, kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kusimama.

Wengi wao hawakurudi. Barua ile Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na aya ya 10, iliyo juu tu ya ile tunayoipenda, inasema itakuwa miaka 70. Piga hesabu: aliyefika kule na miaka 30 alikuwa anaambiwa atazikwa Babeli.

Rudi nyuma sura moja uone kwa nini ilibidi waandikiwe hivyo. Katika Yeremia 28 anasimama nabii Hanania, hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba baada ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi na mateka wote watarudi. Anaichukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kutawaliwa na Babeli, na kuivunja hadharani. Nadhani watu walishangilia. Hata mimi ningeshangilia. Na Yeremia anajibu nini? "Amina." Anasema BWANA na afanye hivyo. Hapo ndipo ninapompenda nabii huyu: naye alitamani iwe kweli. Baadaye ndipo Mungu anamtuma kumwambia Hanania kwamba amewatumainisha watu hawa maneno ya uongo.

Mhubiri wako, mama, ni wa ukoo wa Hanania. Kosa lake si kuamini kwamba Mungu anaponya. Mungu anaponya, nasi tutaendelea kumwombea baba. Kosa lake ni kumpangia Mungu tarehe, kisha tarehe ikipita, lawama anakuachia wewe. Siku ya 41 utaamka huna fedha, mume bado amelala, na juu yake umebebeshwa hatia.

Tazama barua ya kweli inawaambia nini hao wa miaka 70. Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, ozesheni, uombeeni amani mji mliomo. Ni mambo ya kawaida mno, karibu ya kukatisha tamaa kwa mtu aliyetaka muujiza. Lakini hakuna apandaye mti mahali anapoamini Mungu amepaacha. Wewe unapoloweka mchele jioni, ukaamka saa tisa usiku kuwasha mkaa huku macho yanauma, unapanda bustani Babeli. Sijui kama kuna aliyekuambia kwamba hiyo ni imani.

Kuhusu machozi, soma Yohana 11. Yesu alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Alijua mwisho wa habari. Alipomwona Mariamu, dada yake Lazaro, na watu wakilia, naye akalia. Kama machozi ni kukosa imani, tumwambie nani sasa? Na Paulo anasema sisi tulio na Roho "tunaugua katika nafsi zetu", tukingojea "ukombozi wa mwili wetu" (Warumi 8:23). Mwili huu huu, mama; na mkono ule wa kulia umo. Mkristo hategemei kwamba kila mguu utapona kabla ya kaburi. Tegemeo letu ni kwamba Kristo alitoka kaburini, kwa hiyo hata mguu usipopona sasa, habari yake haijaisha.

Jambo la mwisho unipe ruhusa nilisemee kanisa. Yeremia huyu alitupwa shimoni akazama kwenye tope (sura ya 38). Aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa kwetu Afrika. Kabla ya kuteremsha kamba alipita chini ya hazina ya mfalme akaokota matambara, akamwambia ayaweke kwapani chini ya kamba, zisimchune. Hakumhubiria. Alifikiria kwapa.

Kwa hiyo ongea na mzee wa jumuiya yenu, useme wazi: nahitaji mtu wa kumsaidia baba mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, na mtu wa kunikalia nyumbani asubuhi moja nilale. Ukiona usingizi umekukimbia kabisa au umeanza kutamani usiamke, nenda hospitali umweleze daktari, wala usione haya. Eliya alipoomba afe, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena.

Na akija mgeni mwingine na Yeremia 29:11, mwambie aanzie aya ya 5. Akimaliza kusoma, amshike baba mkono wazunguke uani.