Wimbi: nafasi kubwa haimaanishi mavuno makubwa

Umeuliza kama ukiachanisha wimbi utapata masuke makubwa na gunia nyingi. Masuke makubwa utapata kweli, gunia ndo sikuahidi.

Mimi kazi iko Nairobi ila shamba liko Busia, nalima na shangazi yangu, na kwa misimu tuliyolima tumerusha mbegu, tumepanda mistari, tumebana, tumeachanisha. Saa hii tumeshikilia sentimita 30 kati ya mistari na 10 kati ya mche na mche baada ya kupunguza, hapo unapata kama miche 33 kwa mita moja ya mraba.

Ukibana sana mabua yanakuwa membamba, yanakimbilia juu kutafuta mwanga, vidole vya suke vinakuwa vifupi na upepo ukija shamba linalala. Unyevu nao unakaa humo ndani, ndo ugonjwa wa blasti unapenda, ule unakausha shingo ya suke unabaki na makapi. Ukiachanisha sana nayo, mmea unatoa machipukizi mengi mpaka unafurahi, lakini yale ya mwisho yanachelewa, unakuta suke la shina lenyewe limeshakuwa kahawia na ya pembeni bado kijani kabisa, sasa utavuna lini? Na jua likifika chini magugu nayo yanajaa.

Kuhusu kurusha, shida yangu kubwa ni palizi. Kuna lile gugu linalofanana na wimbi, likiwa changa majani ni yale yale, na kwa shamba la kurusha watu wanapalilia wameinama wakibahatisha tu. Kwa mistari chochote kilichoota katikati kinang'olewa bila kufikiria mara mbili, na unaweza kupitisha jembe. Hata kama suke lisingeongezeka ningepanda mistari kwa hiyo sababu pekee.

Mbegu ni ndogo sana so changanya na mchanga mkavu ndo isimwagike yote mahali pamoja, fukia kidogo tu, halafu punguza wiki ya pili au ya tatu udongo ukiwa na maji, ile unang'oa jazia penye pengo, inashika vizuri.

Kama ni mawele unapanda huko Kitui ama Tharaka usitumie hivi vipimo, ule mmea ni mkubwa na mvua ni kidogo, enda sentimita 60 kati ya mistari kwa 15 kati ya miche.