Gari lilikunywa lita 8.5, likanigharimu lita 18

Shemeji alinipigia simu akiwa bado kwenye yadi ya magari. Muuzaji alikuwa kasimama karibu, namsikia kabisa anavyomhimiza. "Shemeji, hili la umeme halinywi mafuta hata tone. Niweke saini?" Nikamuuliza mambo matatu: kwa mwaka unaendesha kilomita ngapi, usiku gari linalala wapi, na utakaa nalo miaka mingapi. La kwanza alikisia. La pili alijibu kwa sauti ya chini. La tatu hakuwa amelifikiria. Nikamwambia arudi nyumbani kwanza.

Mimi nimemiliki aina zote tatu. La petroli nilikaa nalo miaka sita, la haibridi, lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, mitano, na hili la umeme sasa limemaliza mwaka wa tatu. Katika yote nimekuwa na kidaftari kwenye kisanduku cha dashibodi, na chochote kinachotoka mfukoni kwa ajili ya gari kinaingia humo, mpaka hela ya balbu. Mke wangu anakiita daftari la madeni, na hajakosea sana.

Kidaftari kina tatizo moja. Fedha ya miaka kumi na minne iliyopita si fedha ya leo, kwa hiyo huwezi kuchukua matengenezo ya zamani ukayalinganisha na ya juzi. Nilichofanya ni kugeuza kila kitu kuwa lita. Siku ninayolipa fundi, nagawanya ile bili kwa bei ya lita moja ya petroli siku hiyohiyo. Bima ni lita kadhaa, matairi ni lita kadhaa, hata bei ya kununulia gari naiandika kwa lita. Mhasibu atanicheka, maana mafuta nayo yanapanda na kushuka, lakini mpaka leo sijapata kipimo kinachonifaa zaidi.

Tuanze na la petroli. Dashibodi yake ilikuwa inadai lita 7.6 kwa kilomita 100. Mimi nilikuwa najaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, nasoma mileji, kisha nikijaza tena nagawanya. Kwa miaka sita wastani ulikuwa 8.5. Kila gari nililomiliki limenidanganya kwa namna hii, na kila mara limedanganya kwa kujipendelea.

Nililiendesha kilomita 84,000. Mafuta yalikula lita 7,140. Bima kama lita 2,000. Gereji lita 1,900: oili, filta, plagi, pedi za breki, alteneta moja, mkanda wa taiming na vikorokoro vingine. Nililinunua kwa lita 9,000 nikaliuza kwa lita 5,000, kwa hiyo thamani iliyoyeyuka ni lita 4,000. Jumla lita 15,040. Gawanya kwa kilomita, unapata karibu lita 18 kwa kila kilomita 100.

Rudia kuisoma hiyo. Gari lililokuwa linakunywa lita 8.5 lilikuwa linanigharimu lita 18. Zaidi ya nusu ya gharama haikupita kwenye pampu kabisa, na ndiyo nusu ambayo watu hawaizungumzii wakibishana magari. Ubishi wote ni "linakula ngapi?"

La haibridi nililiona kama jibu. Lilizidi bei ya la petroli la hadhi ileile kwa lita 1,600. Kwenye foleni lilikuwa raha, maana injini inazima, mota inasukuma, na ukikanyaga breki ile nguvu inarudi kwenye betri badala ya kuishia kuwa joto. Kwenye barabara kuu faida inapungua, kwa sababu ukienda mwendo mmoja muda mrefu hakuna breki ya kurudisha chochote na injini inafanya kazi karibu muda wote. Wastani wangu wa mji na safari ulikuwa lita 5.2. Yaani nilikuwa naokoa lita 3.3 kila kilomita 100.

Hapa ndipo swali la kilomita kwa mwaka linapouma. Mtu wa kilomita 10,000 anaokoa lita 330 kwa mwaka, hivyo ile tofauti ya lita 1,600 ataimaliza baada ya miaka mitano hivi. Wa kilomita 25,000 anaokoa lita 825, na kabla ya miaka miwili kuisha ameshairudisha. Gari ni lilelile na bei ni ileile, ila kwa mmoja ni busara na kwa mwingine ni mapenzi tu. Mimi nilikuwa naendesha 15,000, katikati hapo.

Kisha ikaja betri. Mwaka wa nne taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, feni ikaanza kunguruma nyuma ya kiti cha abiria. Fundi alipima, mashine ikatoa msimbo wa hitilafu P0A80, ule wa betri ya haibridi kuchoka, ambao mtu yeyote mwenye haibridi akiuona anajua siku yake imeharibika. Akaniita nikaone. Akang'oa kifuniko kidogo cha plastiki pembeni ya kiti, cha ukubwa wa kiganja, akatoa filta iliyokuwa imegeuka kitambaa kizito cha vumbi, nyuzi za zulia na makombo ya biskuti. Hewa ya kupoza betri ilikuwa inapitia hapo. Au niseme, ilikuwa inajaribu kupita. "Hii umesafisha lini?" Sikujua kama ipo.

Nilitaka kuokoa hela, nikakubali abadilishe moduli mbili zilizokufa tu. Betri ya aina ile imepangwa moduli kama vitabu kwenye rafu, ukitoa kilichochanika unaweza kuweka kingine. Ubaya ni kwamba vitabu vyote vimezeeka pamoja. Miezi sita haikuisha, moduli nyingine ikafa. Nikanunua betri nzima. Jumla, mzaha ule wote ulinigharimu lita 1,200.

Ukijumlisha mafuta lita 3,900, thamani iliyoshuka lita 4,200, bima lita 1,900, gereji ya kawaida lita 1,400 na hiyo betri, unapata lita 12,600 kwa kilomita 75,000. Ni lita 16.8 kwa kilomita 100. Kama ningekuwa nasafisha filta ile kila nikipeleka gari sevisi, na betri ikadumu, ningekuwa kwenye 15.2. Kwa hiyo ukinunua haibridi, siku ya kwanza tafuta tundu la hewa ya betri liko wapi, na usirundike mizigo mbele yake.

Sitaki mtu aogope haibridi kwa sababu ya kisa changu. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997, kwa hiyo teknolojia hii si mgeni tena, na mafundi wanaoijua wapo wengi. Zaidi ya hapo, mfumo wa Toyota hauna stata wala alteneta ya kawaida, na giaboksi yake haina klachi ya kuisha. Baadhi ya vitu vilivyonitoa hela kwenye la petroli, kama ile alteneta, havikuwepo kabisa.

Sasa la umeme, na hapa niende polepole kidogo.

Gharama ya nishati yake ni ndogo kweli, ila pima kwenye mita ya nyumba, usipime kwenye dashibodi. Langu linaonyesha uniti 16 kwa kilomita 100. Mita ya ukutani inasema 18.5. Tofauti inapotea njiani wakati wa kuchaji, kama joto na kazi ya vifaa vya gari lenyewe, na bili inakuja kwa ile namba kubwa.

Kutokana na hapo nina hesabu moja ambayo mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuifanya akiwa amesimama. Chukua bei ya lita moja ya petroli, gawanya kwa bei ya uniti moja ya umeme unayoweza kuipata kweli. Kwa magari yangu, jibu likizidi 2.2 umeme ni nafuu kuliko petroli. Likizidi 3.6, ni nafuu hata kuliko haibridi. Nyumbani kwangu lita moja inanunua uniti 6, hivyo umeme unashinda bila ubishi. Kwenye vituo vya kuchaji haraka uniti inauzwa mara tatu ya hapo, na lita moja inanunua uniti 2 tu. Hapo hata gari langu la zamani la petroli linanishinda.

Ndiyo maana nilimuuliza shemeji gari linalala wapi. Mwenye soketi pale anapoegesha na asiyekuwa nayo hawanunui gari moja, hata kama wametoka yadi moja siku moja.

Gereji karibu nimeisahau. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi. Pedi za breki bado zinaonekana mpya, kwa sababu mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kupunguza mwendo. Matairi ndiyo yanaisha haraka, maana gari ni zito na mota inavuta kwa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Matairi na sevisi kwa miaka mitatu ni lita 700. Chaja ya ukutani na fundi umeme aliyebadilisha waya zilikuwa lita 700 nyingine, gharama ambayo hakuna muuzaji aliyeitaja. Bima lita 1,500, na kwa mwaka ni ghali kuliko zile mbili za mwanzo. Umeme, nikijumlisha na safari chache za kuchajia barabarani, lita 1,776 kwa kilomita 48,000.

Mpaka hapo ni ushindi mtupu. Kisha unafika kwenye thamani. Nililinunua mkono wa pili kwa lita 13,000. Leo nikiliweka sokoni naambiwa 8,500. Limeyeyuka lita 4,500 kwa miaka mitatu, wakati la petroli lilipoteza 4,000 kwa miaka sita. Sababu mojawapo ni habari njema kwa wengine. Kwa takwimu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, betri ambayo mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti ya umeme inayoweza kuhifadhi, mwaka 2024 ilishuka wastani wa dola 115. Magari mapya yanatoka na betri kubwa kwa bei ndogo, na kila linapotoka jipya, langu linazidi kuwa la zamani.

Jumla ni lita 9,176, sawa na 19.1 kwa kilomita 100. Ndiyo, mpaka leo hili ndilo gari ghali kuliko yote niliyomiliki. Nikikaa nalo mpaka mwaka wa nane, kushuka thamani kukapungua kasi kama kunavyopungua kwa magari mengi yakizeeka, makadirio yangu yanateremka mpaka kama 16. Gari la umeme ni la mtu anayekaa nalo. Anayebadilisha gari kila baada ya miaka mitatu aliache, au awe yeye ndiye mnunuzi wa lile lililokwisha kuyeyuka kwa mwenzake.

Ukinunua lililotumika, ile namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi usiitegemee. Inakisia kutokana na uendeshaji wa siku za karibuni. Aliyeendesha taratibu jana anaweza kukuuzia kilomita ambazo hutaziona. Mwambie fundi achomeke kifaa cha kupimia asome afya ya betri kwa asilimia. Watengenezaji wengi wanadhamini betri miaka 8 au kilomita 160,000, na ahadi kwamba haitashuka chini ya asilimia 70. Uliza dhamana imebaki miezi mingapi na kama inahamia kwa mmiliki mpya. Mimi niliuliza la kwanza, la pili nikalikumbuka nikiwa njiani narudi, moyo ukaenda mbio mpaka nilipopiga simu.

Haibridi ya kuchomeka, ile yenye tangi na soketi, sijaimiliki, ila niliikaribia sana. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba watu wengi hawaichaji. Tume ya Ulaya ilitoa ripoti mwaka 2024 ikaonyesha kwamba barabarani magari haya yanatoa hewa ya kaboni kama mara 3.5 ya kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi zake. Usipochomeka, unabeba betri nzito kwa petroli.

Shemeji alirudi na majibu yake. Kilomita 8,000 kwa mwaka. Anakaa ghorofa ya nne, gari linalala mtaani, kwa hiyo atachajia vituoni tu, ambako akiba ya nishati ni sifuri au chini ya hapo. La haibridi lingemwokolea lita 264 kwa mwaka, miaka sita kurudisha tofauti ya bei, naye hajawahi kukaa na gari zaidi ya miaka minne. Alichukua la petroli, injini ndogo, na kidaftari nikamnunulia mimi.