Waya mwekundu wa drili ya Kijerumani: usiutie moto

SWALI: Nina karakana ya milango hapa Wete, Pemba. Nimepata drili ya mezani ya zamani, imekuja na vyombo vya mtumba kutoka Ujerumani. Plagi imekatwa, na ndani ya kebo mna nyaya tatu: mweusi, wa kijivu na mwekundu. Kibao chake kinasema 220 V, 50 Hz, 370 W. Wenzangu wanasema mwekundu ni moto, mweusi nyutro, na wa kijivu ndio uliobaki, basi ni arthi. Nifunge hivyo?

JIBU: Usifunge hivyo, ndugu yangu. Katika mashine za Kijerumani zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960, mwekundu ndio arthi (waya wa kinga, unaopeleka ardhini umeme unaovuja), mweusi ni moto (unaoleta umeme) na wa kijivu ni nyutro (unaourudisha). Ukifuata ushauri wa wenzako, bodi nzima ya drili, yaani gamba lake la chuma, itakuwa na volti 230. Mota yenyewe haitazunguka, kwa kuwa itakuwa imefungwa baina ya nyutro na arthi. Fyuzi nayo haitakatika, maana mashine imekaa juu ya meza ya mbao na umeme hauna pa kupita. Wewe utaona mashine imekufa, utaishika kutafuta kasoro, na hapo umeme utapita mwilini mwako.

Wenzako hawakubuni. Wanafuata rangi za zamani za Kiingereza, ambazo bado zimo katika kuta za nyumba zetu nyingi: mwekundu moto, mweusi nyutro, kijani arthi. Lakini kila nchi ilikuwa na utaratibu wake. Kwa Wamarekani mweusi ni moto na mweupe ni nyutro. Katika mashine za Kichina za fezi tatu (yaani zenye nyaya tatu za moto), manjano, kijani na nyekundu zote ni fezi, kwa hiyo kijani pekee, kisicho na mstari wa manjano, kinaweza kuwa na moto. Hata Waingereza wenyewe: bluu iliyokuwa fezi katika nyaya za fezi tatu sasa ni nyutro, na mweusi uliokuwa nyutro sasa ni fezi.

Kwa hiyo hata hayo niliyokwambia kuhusu mwekundu yachukue kama dokezo tu. Huenda fundi fulani alishabadilisha kebo hiyo zamani. Ushahidi ni mita, na mashine ikiwa haijaunganishwa na umeme wowote.

Kwanza piga picha kwa simu kabla hujafungua skrubu hata moja, kisha fungua kifuniko cha mota. Ukikuta kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), usiiguse mpaka uimalize chaji kwa rezista ya kiasi cha kiloomu 10. Ukiunganisha miguu yake kwa bisibisi utapata cheche na huenda ukaiharibu. Rangi zikiwa zimefifia, tazama sehemu ya waya iliyojificha ndani ya kifuniko. Huko jua na grisi havikufika.

Weka mita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili uone inasoma ngapi, kwa kawaida 0.2 hadi 0.5, kisha itoe hesabu hiyo katika kila kipimo. Kwangua rangi kidogo kwenye bodi mpaka chuma kitoke, pima kutoka hapo hadi kila waya. Unaosoma karibu na sifuri ndio arthi. Ikiwa hakuna hata mmoja unaofika kwenye bodi, simama hapo: huenda mota ni ya fezi tatu na haina arthi kabisa.

Baina ya nyaya mbili zilizobaki, swichi ikiwashwa, utasoma omu chache au makumi kadhaa. Hizo ni koili za mota. Swichi ikizimwa isisome kitu. Sasa tafuta ni waya upi unaopita kwenye swichi, huo ndio uutie moto. Plagi ya Kijerumani inaingia kwa pande zote mbili, kwa hiyo kwao haikujulikana moto uko upande gani. Plagi yetu ya 13 A ina upande maalumu, itumie faida hiyo. Swichi ikikata nyaya zote mbili, mweusi uwe moto.

Testa ya bisibisi haifai kazi hii. Haitofautishi nyutro na arthi, na inahitaji umeme uwepo ndipo iseme neno.

Kisha pima insulesheni (kihami cha nyaya za mota) kwa mega, yaani kipima insulesheni, ya volti 500: unganisha nyaya mbili za mota pamoja, pima dhidi ya bodi. Usikubali chini ya megaomu 1. Kwa unyevu na chumvi ya pwani yetu, mota iliyolala muda mrefu hufeli mara nyingi. Iweke karibu na taa ya moto ya wati 100 usiku kucha, upime tena. Mita ya kawaida haitoshi kwa hili, maana betri yake haina nguvu ya kuonyesha insulesheni iliyochoka.

Kebo ya zamani itupe. Mpira wake ukikunjwa hupasuka, na utepe hautauponya. Nunua kebo laini ya nyaya tatu, milimita za mraba 1.0, rangi za sasa: kahawia moto, bluu nyutro, kijani na manjano arthi. Katika plagi iliyofunguliwa, arthi ikiwa juu, kahawia huenda kulia kwenye fyuzi, bluu kushoto. Waya wa arthi uache mrefu kuliko wenzake, kebo ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Fyuzi 5 A inatosha. Ya 3 A huenda ikakatika mota inapoanza.

Na kabla ya kuwasha, pima soketi yenyewe: moto na arthi isome karibu 230, nyutro na arthi volti chache tu. Isiposoma hivyo, soketi haina arthi ya kweli, na kazi yote uliyoifanya kwenye waya mwekundu bado haijakulinda. Mwite fundi wa nyumba arekebishe hiyo kwanza, na umwambie aweke na kinga ya uvujaji (swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja) ya miliampea 30.