Paka anayeparura watoto
Dada wa Uyole, Mbeya, uliyeuliza kama umtupe sokoni Mwanjelwa paka wako anayeparura watoto kila wakimbeba: usimtupe, atateseka bure. Tafuta nyumba ya watu wazima, hasa wenye stoo ya mahindi, na uwaambie ukweli kwamba anaparura. Kwanza daktari wa mifugo amchanje kichaa cha mbwa. Msafirishe kwenye tenga lenye mfuniko, na kitambaa anacholalia usikifue: harufu yake humtuliza. Kule nyumba mpya afungiwe chumba kimoja wiki 2 hadi 3, na beseni la mchanga, na mahali pa joto maana baridi ya huku mnaijua. Wengi humfungulia siku ya pili, naye anaanza safari ya kurudi kwako, anagongwa barabarani. Mtoto akiparurwa au kung'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.